Domodomo, samaki anayefuta kelele yake mwenyewe

Je, wajua kwamba katika Ziwa Victoria, linalokizunguka kisiwa cha Mfangano, kuna samaki anayetafuta chakula kwa umeme? Usiku, wavuvi wa omena wanapowasha taa zao juu ya maji, domodomo yuko chini gizani, akichokoa matope kwa mdomo mrefu kama mkonga, akisaka mabuu ya wadudu.

Wanasayansi humwita Mormyrus kannume. Karibu na mkia ana misuli iliyogeuka kuwa kiungo cha umeme, na mipigo yake ni dhaifu, haimdhuru mtu. Ngozi imejaa vihisio, vingine vikali kiasi cha kunasa umeme hafifu wa windo. Shida ni kwamba kila apigapo umeme wake, vihisio hivyo navyo hushtuka, na ishara ya windo ikamezwa.

Ubongo wake una dawa. Unapouamuru mkia upige, hutuma nakala ya amri hiyo kwenye sehemu inayopokea habari za ngozi. Mwaka 1981 mtafiti Curtis Bell alieleza jaribio kwa jamaa wa domodomo. Kiungo cha umeme kilinyamazishwa kwa dawa, lakini ubongo ukaendelea kuamuru. Kila amri ikaambatanishwa na umeme wa kutengenezwa. Umeme huo ulipozimwa baadaye, seli zilijibu kinyume chake. Ubongo ulikuwa umejifunza sura iliyopinduliwa ya kelele ya umeme huo: ukijumlisha kelele na sura hiyo, zinafutana.

Hesabu ya namna hiyo hutumika pia kuunganisha ubongo wa binadamu na kompyuta. Elektrodi zilizobandikwa kichwani hupokea makumi machache tu ya mikrovolti. Kupepesa jicho mara moja hutoa umeme unaozidi huo mara kadhaa, na nyaya za umeme ukutani huongeza mvumo wa hezi 50. Programu huchuja mvumo huo, kisha husoma elektrodi iliyo karibu na jicho, hujifunza ni kiasi gani cha mpepeso kimevuja hadi kila sehemu ya kichwa, na kukitoa. Hapo huonekana mawimbi ya hezi 8 hadi 13 yanayofifia mtu anapowaza tu kusogeza mkono. Kufifia huko hugeuzwa amri, na aliyepooza akasogeza kishale kwenye skrini.

Haimfai domodomo kuzima umeme wake, maana ndio macho yake gizani. Mgonjwa naye hawezi kuacha kupepesa. Kinachowafaa wote wawili ni kelele hiyo kujulikana vizuri mno, hata ikatolewa na kile kidogo kilichofichwa nyuma yake kikasikika.