Safari za Angani, na Kituo cha Tunguu katika Unguja

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kusikia ya kuwa wanadamu wamefika mwezini, wala si wachache waulizanao jinsi gani mtu aweza kupanda juu ya mawingu asianguke, na jinsi gani walio chini waweza kusema naye. Twapenda kuyaeleza mambo hayo kwa kufuata safari moja tu, nayo ni ile ya John Glenn ya mwaka 1962. Kwa maana ilipita juu ya Afrika Mashariki, na kisiwa cha Unguja kilikuwa na kazi ndani yake.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa Glenn siye aliyetangulia. Mtu wa kwanza kuizunguka dunia angani alikuwa Mrusi, jina lake Yuri Gagarin, kijana wa miaka 27. Tarehe 12 Aprili 1961 aliizunguka mara moja, na safari yake yote ilikuwa ya dakika 108. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Mrusi wa pili, Gherman Titov, aliizunguka mara 17. Wamarekani nao walikuwa wamepeleka watu wawili juu kwa muda wa robo saa tu, wakapanda na kushuka pasipo kuizunguka dunia. Mataifa hayo mawili yalikuwa yakishindana, na Wamarekani walijiona wamebaki nyuma.

Sasa tueleze kwa nini chombo hakianguki. Mtu akirusha jiwe kwa mkono, huanguka hatua chache mbele yake. Akilirusha kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali zaidi. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa, na katika kila maili 5 uso wake huinama kadiri ya futi 16. Jiwe nalo likiachwa lianguke, katika sekunde ya kwanza hushuka kadiri ya futi 16. Basi chombo kikienda karibu maili 5 kila sekunde, huanguka kweli, lakini ardhi nayo huinama chini yake kwa kadiri ile ile, hata kisiifikie. Msafiri aliyemo huanguka pamoja nacho, kwa hiyo hajioni kuwa na uzito. Akiiachia kalamu, hubaki ikielea mbele ya macho yake. Tena hapana budi chombo kiende juu sana, kwa sababu hewa ya chini ni nzito, nayo ingekizuia na kukiunguza.

Shida ya pili ni ya kusikilizana. Mawimbi ya simu ya upepo yaliyotumiwa kwa kazi hiyo huenda moja kwa moja, wala hayapindi kufuata mviringo wa dunia. Chombo kikizama nyuma ya upeo wa macho hakisikiki tena. Kwa hiyo Wamarekani waliweka vituo 18 kuizunguka dunia, viwili kati yake vikiwa merikebuni. Kimoja kilikuwa Kano katika Nigeria, kilichofuata kilikuwa Tunguu katika Unguja, kisha merikebu katika Bahari ya Hindi, kisha Australia. Kila kituo kilisikia dakika chache tu, kikakiachia kituo kilicho mbele, kama wapagazi wapokezanavyo mzigo njiani. Walikuwamo waganga pia, waliotazama katika mitambo jinsi moyo wa msafiri upigavyo na jinsi avutavyo pumzi.

Ruhusa ya kujenga kituo cha Tunguu ilitokana na mapatano ya serikali za Uingereza na Marekani ya mwaka 1960, wakati Unguja ilipokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Wako wenyeji waliokipinga, wakihofu kwamba kitakiingiza kisiwa chao katika ugomvi wa mataifa makubwa. Hofu hiyo haikuwa ya upumbavu, kwa maana roketi ya Atlas iliyompeleka Glenn ilibuniwa kwanza ili kubeba mabomu. Lakini kituo chenyewe hakikurusha kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kusikia na kusema.

Tarehe 20 Februari 1962, wakati wa jioni kwa saa zetu, Glenn, mwenye umri wa miaka 40, alirushwa kutoka Cape Canaveral. Kabla ya hapo alitaka hesabu za njia yake, zilizofanywa kwa mashine, zihakikishwe na Katherine Johnson, mwanamke wa Kimarekani mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa hodari sana wa hesabu. Mama huyo alizifanya upya kwa mkono wake, zikaonekana kuwa sawa. Nusu saa haijapita tangu kuondoka, Glenn alikuwa akisema na watu wa Tunguu. Na baada ya kitambo kidogo akaliona jua likitua juu ya Bahari ya Hindi, siku yake ya kwanza fupi ikaisha.

Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, chombo cha kukiongoza chenyewe kiliharibika, ikambidi Glenn aendeshe kwa mkono. Kisha likaja jambo la kutisha zaidi. Ishara ilifika chini kuonyesha kwamba ngao ya kuzuia moto imelegea. Chombo kirudipo huisukuma hewa kwa nguvu mno, hata hewa hiyo ikapata joto la kuyeyusha chuma. Ngao ikitoka, msafiri huteketea. Wakubwa wa safari waliamua kwamba roketi ndogo zilizofungwa mbele ya ngao zisitupwe kama desturi, bali ziachwe, labda mikanda yake itaishikilia. Glenn alipokuwa akishuka aliona vipande vya moto vikipita dirishani, asijue ni vya roketi au ni vya ngao yenyewe. Lakini ngao ilikuwa nzima. Ishara ndiyo iliyokuwa ya uongo. Alianguka salama katika bahari ya Atlantiki, akiwa ameizunguka dunia mara 3 kwa muda wa saa 4 na dakika 55.

Kituo cha Tunguu kiliwahudumia pia wasafiri watatu waliomfuata, hata mwaka 1963. Baada ya mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya ya Zanzibar iliamuru kiondolewe, nacho kikaondolewa mwaka ule ule. Tarehe 20 Julai 1969 Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini, na mwenzao Michael Collins akawangojea akiuzunguka mwezi. Glenn mwenyewe alirudi angani mwaka 1998, akiwa mzee wa miaka 77, akafariki mwaka 2016.

Twawaomba walimu wawaonyeshe watoto mfano wa jiwe na chungwa, kwa maana aliyeufahamu huo ameifahamu siri kubwa ya safari hizi. Na sote tukumbuke ya kuwa jina la mmoja ndilo lililosifiwa, bali kurudi kwake salama kulikuwa kazi ya wengi: waliofanya hesabu, waliotengeneza ngao, na waliokesha vituoni wakisikiliza.