Sembe, Rodi na Mkebe Wazi: Mechi ya Carp Pale Naivasha

Sembe ya jana ikibaki kwa sufuria, usiimwage. Ikande hadi ishikane, ongeza unga mkavu kidogo na kijiko ya sukari, ifunge kwa kitambaa, alafu ubebe. Hiyo bonge ndiyo itakukutanisha na samaki mjanja kuliko zote pale Lake Naivasha. Na ka uko na mbogi imechoka kukaa base ikirudia risto zile zile, hapa kuna form ya wikendi yenye haitoboi mfuko na itawaacha mkijuana poa kuliko venye mlitoka mtaani.

Form yenyewe ni mechi ya carp. Haitaki boti, haitaki rodi ya bei kali. Ni mechi ya kirafiki ya mamemba wa klabu: kila msee na rodi moja, ufuo mmoja, masaa matano, alafu mizani inaongea. Zawadi ya ganji hakuna. Mshindi anapata heshima, na kichwa ya samaki wakati wa kudish. Lakini klabu yetu iko na sheria moja yenye mi huona ndiyo roho ya hii mchezo: ukishinda, unafungua mkebe. Unaonyesha mbogi yote chambo yako ilichanganywa aje, ndoano ulifunga aje, na maji uliisoma aje. Siri haivuki jioni.

Hapo ndipo mi nasimama. Mechi ya kirafiki si ya kuonyesha nani ni mnoma. Ni njia ya ujuzi kutoka mkono mmoja uingie kwa mwingine, na mtaani tunahitaji hiyo kitu vibaya sana.

Mgeni kwa lake ya wageni

Carp haikuzaliwa Naivasha. Ilionekana hapo mara ya kwanza 2001, mwaka ule ule uvuvi ulikuwa umefungwa juu samaki zilikuwa zimepungua hadi noma. Risto yenye wengi wanakubali ni ati ilitoroka kwa mabwawa ya kufugia samaki huko juu, ikafuata mto hadi ikaingia lake. Kufika 2010, boti zikirudi asubuhi, karibu kila kitu kwa nyavu ilikuwa carp.

Lakini usiiite mvamizi ukasahau majirani wake. Bass ya mdomo mkubwa asili yake ni Marekani, na ilianza kuletwa 1929 ndio wazungu wa enzi za kolo wapate mchezo wa ndoano. Kamba wekundu wa Louisiana walitiwa hapo 1970. Hata tilapia za hiyo lake zililetwa na watu. Mwenyeji wa kweli alikuwa kasamaki kamoja kadogo, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. So Naivasha ni ka mtaa wa Eastlands: karibu kila mtu alikam na basi, na sai wote wanaita hapo nyumbani.

Carp iko na makosa yake pia, na lazima tuyaseme. Inakula ikichimba matope. Maji inachafuka, mimea ya chini inang'oka, na samaki zenye zinawinda kwa macho ka bass zinasota. Ndio maana imewekwa kwa orodha ya dunia ya viumbe 100 wavamizi wabaya zaidi. Kwa hivyo ukiitoa Naivasha na ndoano ukaipeleka kwa sufuria, lake haikudai kitu.

Samaki inayokuskia

Wasee wengi wakianza hudhani carp ni samaki mzito wa akili juu inazubaa kwa matope. Wapi! Ndani ya kichwa iko na vifupa vidogo vyenye vinaunganisha kibofu ya hewa na sikio la ndani, na hiyo mtambo inaifanya iskie poa kuliko samaki wengi. Ukikanyaga ufuo na buti, ukiangusha ndoo, ukicheka kwa nguvu, imeshajua kuna mtu.

Alafu cheki mdomo. Pembeni iko na ndevu nne za kupapasa na kuonja. Midomo yenyewe inachomoka mbele, inafyonza chakula na matope yote, inaonja, na chenye haipendi inatema. Taya haina meno hata moja. Meno iko huko nyuma kwa koo, na hapo ndipo inasagia konokono na punje ngumu. So ukitupa ndoano imefunikwa na sembe, carp inaweza ifyonze, iskie chuma, iteme, na wewe hata haujajua ulikuwa na mgeni.

Hii ndiyo sababu ganji haishindi carp. Msee anaweza kukam na rodi ya nguvu na rili inang'aa, akalala njaa kando ya mtu mwenye rodi ya mwanzi, juu huyo wa mwanzi alijua kunyamaza.

Kofia, kipenga, kimya

Asubuhi ya mechi tunashuka mapema, kabla upepo wa mchana uamke. Vijiti zimechomekwa kwa ufuo, zimeachana hatua kadhaa, kila moja na namba. Namba hizo hizo zinaandikwa kwa vikaratasi, zinakunjwa, zinatupwa kwa kofia. Unaingiza mkono, unatoa namba, unaenda kwa kijiti yako. Hakuna kulia. Mwenyekiti wa klabu anaweza kuangukia mahali pa mawe matupu na memba mpya akapata kona tamu ya mafunjo. Mi napenda hapo sana, juu kofia haijui nani ni nani.

Kabla ya kipenga kuna dakika za kusoma maji. Unaangalia mapovu, juu carp ikichimba chini hewa inatoka kwa matope ikipanda kwa mnyororo. Unaangalia maji imebadilika rangi wapi. Unaskia upepo. Kuna siku mzee mmoja mvuvi alikuwa anashona wavu karibu na sisi. Memba mmoja akamwendea na heshima.

"Shikamoo mzee wangu. Hapa zinashika?"

"Marahaba, kijana yangu. Upepo ukisukuma maji huku, chakula nayo inasukumwa huku. Samaki inafuata tumbo."

Hayo maneno machache yamesaidia klabu yetu kuliko video zote tumewahi kucheki kwa simu.

Kipenga ikilia, kila mtu anarusha vibonge vidogo vya chambo mahali pamoja, alafu ndoano inafuata hapo hapo. Ujanja ni kidogo kidogo. Ukimwaga ndoo nzima, samaki inashiba na haina haja na ndoano yako.

Baada ya hapo ni kimya. Rodi inalala kwa panda ya mti. Katikati ya rili na pete ya kwanza ya rodi, unabandika kadonge ka sembe kwa mshipi, kaning'inie. Hako ndiko kengele yako. Carp ikianza kuonja, kadonge kanatikisika tu. Usishike. Kanapanda kidogo, kanarudi. Bado usishike. Mkono unataka kwenda, moyo unadunda, na memba wa kijiti ya pili amekutolea macho bila kusema kitu. Alafu kadonge kanapanda moja kwa moja hadi kanagonga rodi na kuanguka, na mshipi unaanza kutoka mbio. Sasa inua!

Hapo carp inakuonyesha ni nani. Hairuki juu ya maji ka bass. Inavuta chini, nzito, na inaelekea kwa mafunjo direki. Ukikaza breki ya rili kupita kiasi, mshipi unakatika. Ukilegeza sana, imeingia kwa mizizi na hautaiona tena. Unashikilia rodi juu, unaiacha ikimbie ikitaka, unakunja taratibu ikipumzika. Jirani anaacha rodi yake anakuletea wavu wa mkono, na hiyo ni sheria pia: kwa mechi yetu hakuna mtu anapambana na samaki peke yake. Wavu unaingia majini kwanza, unatulia, alafu kichwa ya samaki inaongozwa juu yake.

Ikitoka, magamba makubwa rangi ya dhahabu chafu yanawaka kwa jua. Mikono inaloweshwa kabla ya kuishika, na inalazwa kwa gunia limeloweshwa. Zile za kudish zinawekwa kando, na ndogo zinarudi majini.

Mkebe unafunguliwa

Mizani yetu ni ile ya kuning'iniza. Uzito wa mfuko unatolewa kwanza, alafu kilo za kila mtu zinasomwa kwa sauti wote wakiskia. Memba mwenye hajashika kitu anasomwa pia, na anapigiwa makofi ka wengine, juu amekaa masaa matano akiheshimu maji.

Mechi moja ilichukuliwa na manzi wa saluni kutoka Kayole, na akafungua mkebe. Ndani hakukuwa na sembe. Kulikuwa na punje za mahindi ya githeri, zimechemshwa hadi zikalainika bila kupasuka. Alafu akaonyesha ndoano yake. Ilikuwa tupu! Punje mbili zilikuwa zimetungwa kwa uzi mfupi wa kushonea weave, na uzi unaning'inia nyuma ya ndoano. Carp inafyonza mahindi laini, haiskii chuma, ndoano inaingia ikifuata. Ikijaribu kutema, imenaswa kwa mdomo. Vidole vyenye hufunga mafundo madogo siku nzima kwa saluni vilifunga hiyo kitu safi kabisa.

Hiyo mbinu iligunduliwa Uingereza na wavuvi wawili, Lenny Middleton na Kevin Maddocks, karibu na 1980, na ikabadilisha uvuvi wa carp dunia nzima. Waingereza wanaichukulia hii samaki kwa uzito wa ajabu. 1952, Richard Walker alitoa carp ya ratili 44, karibu kilo 20, pale Redmire Pool, na samaki ikapelekwa ikiwa hai hadi kwa jumba la samaki la bustani ya wanyama ya London. Rekodi yake ilikaa hadi 1980, wakati Chris Yates alitoa ya ratili 51 na nusu kwa bwawa hilo hilo. Ukirudi huku bara letu, pale Afrika Kusini, wasee wa huko wanavua carp na pap, ugali yao ya mahindi, wakiichanganya na ladha tamu tamu. So ukikaa Naivasha na bonge ya sembe mkononi, haubahatishi. Uko kwa ukoo mkubwa wa watu waliosoma hii samaki kwa miaka na wakaambiana.

Kwa sufuria

Kuna wasee husema carp imejaa miiba na inanuka matope. Waambie waje kwetu. Ile miiba midogo ya katikati ya nyama dawa yake ni kisu kikali. Unachanja ubavu wa samaki mistari mingi iliyokaribiana, hadi karibu na ngozi, alafu unaitia kwa mafuta moto. Miiba iliyokatwa ndogo hivyo inakaangika hadi haikusumbui. Harufu inapungua ukiosha vizuri, ukitoa ile nyama nyeusi ya pembeni, na ukiiacha na ndimu na chumvi kwa muda. Nyanya, kitunguu, dhania, sembe mpya moto. Mbogi nzima inakula kwa sinia, na hapo ndipo risto za ile samaki iliyopotea zinachapwa hadi jua linazama.

Kabla mshuke

Kuvua na ndoano kunataka leseni, so ulizia mapema kwa ofisi ya uvuvi. Ufuo pia uko na wenyewe. Ingia kwa BMU, ile kamati ya ufuo, usalimie, useme mmekam kufanya nini. Wale wavuvi hiyo maji ndiyo mshahara wao, na wewe umekam kucheza. Wape njia boti zikiingia, usirushe mshipi karibu na nyavu zao, na msimu ukifungwa ndio samaki zizaane, nyinyi pia mkae nyumbani.

Kiboko usimzoee. Mchana anajificha kwa maji na mafunjo, jioni anatoka kula nyasi, na ukisimama katikati yake na maji umejitafutia ngori. Mechi ikamilike jua likiwa juu. Na kila kipande cha mshipi uliokatika kirudi na wewe mtaani, juu ndege akijifunga nacho mguu hana wa kumfungua.

Kuanza hakutaki mambo mengi. Watu watano wanatosha, rodi ya mwanzi inatosha, na mizani mnaweza kuazima kwa mama wa soko. Chenye hakiwezi kukosa ni huo mkebe. Klabu zinakufa wakati wenye wanajua wanaficha na wenye hawajui wanaaibika kuuliza. Ile yenye kila memba anarudi mtaani akijua kitu chenye hakujua asubuhi itaishi, hata siku yenye mizani imesoma sufuri kwa wote. Tafuta wasee wako, pangeni Jumamosi, na samaki ikikushikia, fungua mkebe.