Mapato si faida: hesabu za michezo katika vyuo vikuu vya Marekani

Juni 2025, Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo vikuu vya Marekani kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Anayesikia kiasi hicho hudhani idara za michezo za vyuo zimejaa fedha. Chache zimejaa.

Fedha nyingi hutoka kwenye televisheni. Mwaka 2016, kampuni za televisheni za CBS na Turner ziliongeza hadi 2032 mkataba wa kurusha mashindano ya mpira wa kikapu ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kwa dola bilioni 8.8. Chuo cha Ohio State, chenye futiboli ya Kimarekani inayojaza uwanja, huingiza zaidi ya dola milioni 200 kwa mwaka. Lakini Daraja la Kwanza la NCAA lina vyuo zaidi ya 350, na vingi kati ya hivyo hutumia zaidi ya vinavyopata.

Pengo hilo mara nyingi huzibwa na ruzuku ya chuo pamoja na ada ya michezo anayotozwa kila mwanafunzi, hata asiyekanyaga uwanjani. Kwenye taarifa za idara, fedha hizo huandikwa kuwa mapato, sambamba na tiketi na haki za matangazo. Ndiyo maana ninasisitiza: kabla ya kusifu mapato ya timu, ondoa kwanza kilichotoka mfukoni mwa wanafunzi. Tena, idara hizi hazina wanahisa wa kugawiwa faida, hivyo kinachopatikana hutumika. Mwaka 2023 chuo cha Texas A&M kilikubali kumlipa kocha wake wa futiboli, Jimbo Fisher, zaidi ya dola milioni 75 ili aondoke tu.

Watetezi husema timu hukitangaza chuo, na ni kweli kwamba ushindi mkubwa huweza kuongeza maombi ya kujiunga. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Chicago kilifuta futiboli mwaka 1939, na heshima yake kitaaluma haikupungua. Mwaka 1942, chini ya majukwaa ya uwanja wake wa futiboli, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walifanikisha kwa mara ya kwanza mmenyuko mfululizo wa nyuklia unaojiendesha.

Jambo hili linatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mwaka 1978 Henry Rono wa Kenya, akiwa mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Suleiman Nyambui wa Tanzania alisoma na kukimbia El Paso, Texas, na akapata medali ya fedha katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Riadha iliyowabeba haiingizi fedha; hulishwa na futiboli na kikapu. Sasa wachezaji wa michezo hiyo miwili wanapolipwa, timu za riadha ndizo rahisi kukatwa. Na mwanafunzi wa kigeni, kwa masharti ya viza yake, hawezi kwa urahisi kupokea malipo hayo mapya.

Mzazi, mwanao akiletewa barua ya ufadhili, uliza kabla ya kusaini: ni wa mwaka mmoja au hadi ahitimu? Akiumia itakuwaje? Na timu ikifutwa, masomo yake yataendelea kulipiwa? Majibu yawe kwa maandishi.