Shutter Island: Daktari wa Wagonjwa Wenye Vurugu, na Yaliyotangulia Kabla Hajaitwa

Watu wengi hukutana na daktari wa magonjwa ya akili kwenye filamu kabla hawajakutana naye kliniki. Kwenye filamu huwa ama ni mtu anayesoma mawazo ya wenzake kama kitabu, ama ni katili mwenye bomba la sindano. Picha hizo huingia hospitalini pamoja na mgonjwa na ndugu zake, nazo huchelewesha tiba. Filamu ya Shutter Island, iliyoongozwa na Martin Scorsese mwaka 2010 kutokana na riwaya ya Dennis Lehane ya mwaka 2003, inastahili kuzungumziwa kwa sababu imekusanya makosa hayo yote, na wakati huohuo imesema kweli ambayo watazamaji wengi huipita bila kuiona. Asiyeitazama bado na avumilie, kwani haiwezekani kuieleza bila kufichua mwisho wake.

Mambo yanatokea mwaka 1954 katika kisiwa cha kubuni karibu na mji wa Boston, Marekani. Ndani yake kuna hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda jinai. Askari mpelelezi aitwaye Teddy Daniels anawasili kumtafuta mgonjwa wa kike aliyetoroka, na anapokewa na mganga mkuu, Dkt. Cawley. Kadiri siku zinavyosonga mpelelezi anaamini kwamba madaktari wanawafanyia wagonjwa majaribio ya siri. Mwishoni inabainika kuwa hakuna mpelelezi wala mtoro. Teddy ni mgonjwa wa hapohapo, jina lake halisi ni Andrew Laeddis, na yupo kisiwani kwa sababu alimuua mkewe. Mke huyo alikuwa amewazamisha ziwani watoto wao watatu. Upelelezi wote ni hadithi aliyojijengea ili asiione siku ile tena, na daktari ameiruhusu ichezwe hadi mwisho, wahudumu wakishika nafasi za wahusika, kwa matumaini kwamba itaporomoka yenyewe.

Mwaka wa 1954 haukuchaguliwa kwa bahati. Tangu mwaka 1935, Egas Moniz wa Ureno alipoanzisha upasuaji wa kukata njia za neva katika sehemu ya mbele ya ubongo, wagonjwa wasiotulizika walikuwa wakipasuliwa kwa maelfu, na mwaka 1949 Moniz alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Wengi walitulia kweli, lakini mara nyingi utulivu ulikuwa wa mtu aliyepungukiwa na nafsi yake. Mwaka 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa Paris walionesha kuwa klopromazini humpunguzia mgonjwa sauti anazozisikia na imani potofu bila kumpasua. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 1954. Dkt. Cawley amesimama katikati ya njia panda hiyo: upande mmoja kisu, upande wa pili kidonge, na yeye mwenyewe akishikilia kwamba mgonjwa asikilizwe kwanza. Klopromazini ingali inatumika Afrika Mashariki hadi leo, na mhudumu anayeitoa katika kituo cha afya cha wilaya anatumia chombo kilekile kilichoanza kuvifungua vyumba vya minyororo wakati ule.

Je, mchezo wa Dkt. Cawley ni tiba? Sivyo. Imani potofu ya mgonjwa haitibiwi kwa kuiigiza, wala haivunjwi kwa ubishi. Mgonjwa anayesema jirani anamtilia sumu hapaswi kuambiwa kuwa ni kweli, maana hapo woga wake unapata shahidi. Wala hapaswi kuambiwa kuwa ni upuuzi, maana hapo anampoteza mtu wa kumwamini. Njia iliyo salama ni kuzungumza na hofu yenyewe: kukiri kwamba anaogopa, kwamba hajalala kwa siku kadhaa, na kwamba yupo mtu wa kumsaidia apate usingizi. Mara nyingi mgonjwa hukubali dawa ya usingizi na wasiwasi kabla ya kukubali kwamba anaumwa. Huo ni mlango halali wa kuanzia, ili mradi haelezwi uongo kuhusu anachopewa.

Jambo moja filamu imelipata vizuri. Mikono ya Teddy inatetemeka na kichwa kinamuuma, naye anaamini ametiliwa sumu. Baadaye daktari anamweleza kuwa mwili unadai dawa iliyokatishwa. Wagonjwa wanaoacha dawa ghafla hukosa usingizi, hupata kichefuchefu na kutotulia, kisha wiki au miezi ikipita ugonjwa wenyewe hurejea. Ndugu huona kipindi cha kwanza tu na kudhani dawa ndiyo iliyomharibu.

Hata hivyo, kiini cha kisa hiki hakipo kisiwani. Kipo katika nyumba ya Andrew, miaka kadhaa kabla, pale ambapo hakuna daktari yeyote. Mkewe alimwambia kwamba mdudu anaishi ndani ya ubongo wake na kumvuta nyaya. Kisha akaichoma moto nyumba yao ya mjini. Mume, aliyerudi vitani na kumbukumbu za kambi ya Dachau, alikuwa mlevi na mtu wa safari. Alichofanya ni kuihamisha familia hadi nyumba iliyo kando ya ziwa. Hakumpeleka mkewe kwa tabibu. Aliyoyakuta aliporudi siku ile ndiyo yaliyomfikisha kisiwani.

Mhudumu wa afya wa Dar es Salaam au Mwanza hatashangazwa na mdudu huyo. Wagonjwa wengi wenye sonona au wasiwasi husema wadudu wanatembea kichwani, au kichwa kinawaka moto, wakieleza hisia ya mwilini. Hao si hatari kwa mtu. Tofauti hutokea pale maelezo yanapokuwa imani isiyotikisika: mdudu ana nia, anaamuru, anazungumza, na mgonjwa ameanza kutenda kwa kumfuata. Swali moja la upole, “Huyo mdudu anakutaka ufanye nini?”, humtenganisha wa kwanza na wa pili. Si swali la kuogopwa. Kumuuliza mtu kuhusu mawazo ya kuua au kujiua hakumpandikizii mawazo hayo.

Kwa mama mwenye watoto wadogo swali hilo ni la lazima, hasa katika wiki za mwanzo baada ya kujifungua. Huko Houston, Marekani, mwaka 2001, mama aliyekuwa na saikosisi ya baada ya uzazi aliwazamisha watoto wake watano katika beseni la kuogea, na mwaka 2006 mahakama ilimwona hana hatia kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Akina mama wa namna hiyo mara nyingi huamini wanawaokoa watoto na jambo baya zaidi. Ni ugonjwa adimu, lakini ni dharura sawa na kutokwa damu: mama hupelekwa hospitali siku hiyohiyo, haachwi peke yake na mtoto, na akitibiwa mapema hupona vizuri. Familia inayozunguka kwa wiki tatu ikitafuta aliyemroga inacheza na muda ambao haupo.

Isidhaniwe sasa kwamba kila mgonjwa wa akili ni wa kukimbiwa. Wengi hawajawahi kumgusa mtu, na wao ndio hupigwa, hufungwa kamba na kubakwa zaidi kuliko wanavyowadhuru wengine. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1998 uliwafuatilia wagonjwa baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Wale wasiotumia vilevi hawakuwa na vurugu kuzidi majirani zao wasiotumia vilevi. Kinachoongeza hatari kinajulikana: pombe na madawa ya kulevya, historia ya kupigana, imani kwamba mtu fulani mahususi anataka kumdhuru mgonjwa, na dawa zilizoachwa. Katika filamu, Andrew anampiga na kumuumiza vibaya mgonjwa mwenzake kwa sababu tu alimwita kwa jina lake la kweli. Huo si ukichaa wa kushambulia ovyo. Aliguswa palepale penye kidonda, na daktari aliyemjua angeweza kulitarajia.

Mgonjwa anapochacha, wodini au nyumbani, azungumze mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini, akiwa umbali wa zaidi ya mkono, ubavu ukielekea mlangoni na bila kumziba mgonjwa njia. Umati wa vijana waliokuja kusaidia humpa hakika kwamba anavamiwa. Visu na michi viondolewe kabla, si wakati wa ugomvi. Kumshika au kumchoma sindano kwa nguvu ni hatua ya mwisho, ya muda mfupi, inayoandikwa kwenye jalada na kufuatwa na uangalizi wa upumuaji na shinikizo la damu. Aliyefikishwa mahakamani kwa kosa kubwa ana njia yake ya kisheria. Nchini Tanzania hupelekwa Isanga, mkoani Dodoma, kwa uchunguzi na matibabu.

Mwisho wa filamu, Andrew anaonekana kurudi katika hadithi yake ya uongo, na anachukuliwa kwenda kupasuliwa ubongo. Neno lake la mwisho kwa daktari wake linadokeza kuwa ana akili timamu na amechagua kusahau. Watazamaji hubishana kuhusu maana yake. Kitabibu, kinachoonekana ni kwamba daktari mwema alijaribu kila kitu isipokuwa kumwambia mgonjwa ukweli polepole, siku baada ya siku, na kukaa naye katika majonzi yaliyofuata. Mtu anapoacha kuamini hadithi inayomkinga, huo ndio wakati wa kumchunga asijiue.

Udanganyifu wa Dkt. Cawley una ndugu yake katika nyumba nyingi za huku: dawa inayosagwa na kutiwa kwenye uji au chai. Hufanywa kwa upendo na kwa uchovu. Lakini mgonjwa anayeamini anatiliwa sumu, siku akikuta unga chini ya kikombe, amepata uthibitisho, na chakula cha nyumba hiyo hatakila tena. Familia inayofanya hivyo iseme waziwazi kliniki, na mhudumu asiifokee. Kuna sindano ya kutenda kazi kwa muda mrefu, inayochomwa takriban kila mwezi, na wagonjwa wengi waliokataa vidonge huikubali wanapoulizwa wao wenyewe.