Kwa Nini Ziwa Victoria Hufurika

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilipandisha maji ya Ziwa Victoria kwa takriban mita 2.5 kufikia mwaka 1964. Mwezi Mei 2020 kimo hicho kilipitwa. Sehemu kubwa ya maji hayo hutokana na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, na njia ya kutokea ni moja tu, Mto Nile huko Jinja. Hivyo hukawia kupungua. Binadamu naye huzidisha hasara kwa kufyeka mafunjo na kujenga mabondeni maji yanapokuwa yamerudi nyuma. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kabla ya kuchagua kiwanja cha ghala la pamba, makatibu wa vyama vya Mwanza wawaulize wazee maji yalifika wapi.