Binti Mmoja wa Bomang'ombe na Elimu ya Kupanga Bango

Katika nyumba zetu nyingi, kijana akiwaambia wazee kwamba ataka kujifunza usanifu wa michoro, yaani kupanga maandishi, picha na rangi kwa kompyuta, jibu alipatalo ni swali: je, hiyo nayo ni elimu, au ni mchezo wa kupotezea wakati? Udaktari wajulikana, ualimu wajulikana, hata ushonaji faida yake yajulikana. Lakini kupanga herufi! Kwa hiyo nimeona vema niwaeleze wasomaji habari za binti wa ndugu yangu, aliyesoma elimu hiyo katika darasa moja la jioni hapa Bomang'ombe, pamoja na elimu ya pili iliyofungamana nayo, nayo ni ya kusimama mbele za watu na kuwasilisha jambo hata likaeleweka. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda.

Wasioifahamu Bomang'ombe wajue kwamba ndiyo makao makuu ya Wilaya ya Hai, kando ya barabara kuu itokayo Moshi kwenda Arusha, mahali inapochepuka njia ya Sanya Juu. Juu yake iko Machame yenye migomba, kahawa na mifereji ya maji baridi. Chini yake ni tambarare kavu zielekeazo Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro. Binti huyu alilelewa tambarare. Nalitaja hilo kwa sababu maji ya huko yaliacha alama kinywani mwake: meno yake ni ya rangi ya kahawia. Tangu utotoni amezoea kusema huku ncha ya mtandio imefunika midomo, na akicheka hugeukia upande.

Majuma ya kwanza darasani hawakuigusa kompyuta. Mwalimu aliwapa karatasi, rula na kalamu, akawataka wapime. Binti alinijia na malalamiko: "Baba mdogo, nimelipa ada nifundishwe kompyuta, nami nachora nukta!" Nikamwambia avute subira, maana nukta si jambo dogo. Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, ndiye anayesifiwa kwa kuupa mwandiko wa Kiarabu kanuni ya vipimo: nukta moja ya kalamu ikawa ndiyo kipimo, alifu ikahesabiwa kwa nukta, na herufi nyingine zikapimwa kwa alifu hiyo na kwa duara lake. Wala sisi wa Afrika Mashariki hatukuwa nyuma. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waandishi wa karne ya 18 na ya 19 walinakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi, wakijua wapi pa kuweka wino na wapi pa kuacha karatasi ipumue. Hata kanga alizovaa mama yake zina mpango wake: pindo likizunguka pande zote, mji katikati, na jina chini ya mji, kila kitu mahali pake. Mfumaji au mchapaji akijaza maneno hadi pindoni, nani ataisoma?

Baada ya hapo kila mwanafunzi alitakiwa achague jambo moja lenye manufaa kwa watu wa Hai, alitengenezee bango, kisha asimame mbele ya darasa na wageni kwa dakika tano alieleze. Wenziwe walichagua matangazo ya maduka, kadi za harusi na fulana za timu za mpira. Yeye alichagua maji.

Hapa yanibidi nisimame kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lahusu jiko la kila msomaji wa pande hizi. Miamba ya volkano ya Meru na Kilimanjaro ina madini yaitwayo floraidi, na katika baadhi ya visima na vijito vya tambarare madini hayo huwa mengi mno. Shirika la Afya Duniani lashauri yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Tanzania mwaka 1974 iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa sehemu nyingine hapakuwa na maji mengine ya kunywa. Mtoto akinywa maji hayo wakati meno ya ukubwani yanajijenga ndani ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza, meno yatatoka na madoa; na yakizidi sana, hata mifupa hupinda. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha uchunguzi wao juu ya watoto wa kusini-magharibi mwa Hai ambao miguu yao ilipinda kwa sababu hiyo. Isitoshe, magadi tutiayo katika maharage na kiburu ili yaive upesi nayo huweza kuwa na floraidi nyingi. Na lililo zito kuliko yote ni hili: kuchemsha maji huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi hubaki, nayo huwa nzito zaidi katika yale yaliyosalia.

Binti aliyaandika hayo yote katika bango lake la kwanza. Aliyaandika kwa herufi ndogo za aina nne, juu ya rangi ya buluu iliyofifia, na pembeni akaweka mlima, bomba, glasi na maua. Mwalimu hakumkaripia. Alilibandika mlangoni, akamwomba mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo asome kutoka hatua kumi. Yule mama akatazama, akasema, "Naona ni tangazo la soda," akaenda zake. Darasa likacheka, na binti naye akacheka, mtandio mdomoni.

Kazi iliyofuata ilichukua majuma mawili, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa elimu yenyewe. Mwalimu alimwuliza kila siku swali moja tu: "Nikimpa mama wa tambarare neno moja aende nalo nyumbani, ni lipi?" Akaondoa maua. Akaondoa mlima, ingawa aliupenda. Akaondoa miligramu, akazihifadhi kwa ajili ya maelezo ya mdomo. Yakabaki maneno machache, kwamba kuchemsha hakuondoi floraidi, na kwamba mtoto mdogo apewe maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa. Na chini yake sufuria moja na kijiko cha magadi kilichopigwa mstari. Herufi zikawa nyeusi juu ya njano, maana rangi hizo zikikutana husomeka kwa mbali hata palipo na vumbi la barabarani.

Mwanafunzi mwenzake alishauri iwekwe picha ya mtoto mwenye meno ya kahawia, akinywa maji, ili watu washtuke. Hapo binti alikataa katakata. Alisema mtoto huyo atakua, na bango lile litakuwa limemtangulia kila aendako. Nami nasema alifanya haki. Dini yetu yatuamuru kumsitiri mtu, na kuna mabango mengi mno mijini mwetu yanayouza huruma kwa sura za watoto wa watu wasioombwa idhini.

Jambo jingine alilojifunza ni kwamba rangi ya kioo cha kompyuta ni mwanga na rangi ya karatasi ni wino, wala hazifanani. Njano iliyong'aa darasani ilitoka kwenye mashine ya duka la steshenari kama haradali iliyokauka. Ilipasa irekebishwe mara tatu.

Kisha ikaja siku ya kusimama. Programu ya PowerPoint, iliyotoka mwaka 1987, imewazoeza watu wengi kusoma ukutani yale ambayo hadhira yaweza kujisomea, ilhali msemaji amewapa watu mgongo. Mwalimu huyu aliwakataza: slaidi nne tu, na macho kwa watu. Kwa binti wetu neno "macho kwa watu" lilikuwa gumu kuliko kompyuta yote. Usiku uliotangulia mama yake alimkumbusha kwamba hata Nabii Musa, alipotumwa kwa Firauni, alimwomba Mola amfungulie fundo la ulimi, akamwomba na ndugu yake Harun awe msaidizi. Basi akaomba nimsindikize, nikakaa safu ya mbele.

Alianza na ncha ya mtandio mkononi. Alipofika kwenye slaidi ya pili, inayosema ni umri gani meno hujengeka, aliuacha ukaanguka begani, akasema, "Nami ni mmoja wao, mama yangu aliyachemsha maji yangu kila siku kwa mapenzi, na hakuna aliyemwambia." Baada ya hapo hapakuwa na aliyetazama ukutani.

Maswali yalikuwa mengi. Mzee mmoja aliuliza juu ya vichujio vya mkaa wa mifupa ambavyo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, upande wa Arumeru, kimevifanyia kazi: "Mwanangu, ni mifupa ya mnyama gani? Sisi ni Waislamu." Akajibu kwamba ni ya ng'ombe, huchomwa katika tanuri penye hewa kidogo, husagwa na kuchekechwa, na floraidi hunata humo maji yapitapo, nao mkaa huo huchoka, sharti ubadilishwe. Juu ya uchinjaji akasema, "Hilo, babu, silijui. Nitauliza, nikuletee jibu." Mwalimu alimpa alama za juu kwa jibu hilo la mwisho.

Sasa anatengeneza bango la pili, kwa Kimasai, kwa kuwa wakazi wengi wa tambarare hizo ni Wamasai. Bibi mmoja auzaye maziwa hapa Boma humsaidia maneno, naye amekwisha kumwambia kwamba sufuria iliyochorwa ni ya watu wa mjini. Achore ile wanayopikia wao.