Mzigo wa Nishati Safi

Jina Kariokor lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Nipitapo katika soko hilo, penye wachoma nyama na wauza vyondo, hujiuliza ni nani abebaye mizigo siku hizi.

Tutazame sera za nishati. Mnamo Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Makaa yakaadimika, bei ikapanda. Septemba mwaka uo huo, mafuta ya taa yakatozwa ushuru mpya wa shilingi 18 kwa lita, ati yasichanganywe na dizeli. Mnyonge akahimizwa atumie gesi; kumbe Julai 2021 gesi nayo ikarudishiwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16! Kodi hiyo ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, ikaondolewa 2023, baada ya wananchi kuilipa kwa miaka miwili.

Sipingi kuhifadhiwa kwa misitu, kwani pasipo misitu hapana mito. Lakini "nishati safi" ni istilahi tu, na istilahi haiivishi maharagwe. Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtunga sera hapimi makaa kwa mkebe. Basi, kabla ya kuufunga mlango mmoja wa jikoni, serikali na ihakikishe kwamba mwingine umekwisha kufunguliwa.